Chapati ya tatu

Miaka minne nimekaa nahesabu kalori kwenye simu. Wali adui, ugali adui, mchana nashinda na maji ya limau, halafu saa tano usiku nasimama mbele ya friji nakula chochote kilichopo, viporo, mkate mkavu, mpaka tumbo linauma, kesho yake najikomoa tena kwa kutokula. Na kazini wananisifia, "shosti umepungua, umependeza!" Sifa zile ndo zilinimaliza kabisa.

Basi nikakutana na hii habari ya kula kwa kuusikiliza mwili, waliyoiandika wataalamu wawili wa lishe wa Marekani, Evelyn Tribole na Elyse Resch, mwaka 1995. Kanuni 10, ya kwanza achana na mawazo ya dayeti, inayofuata heshimu njaa yako. Nikasema safi, nitaisubiri njaa. Wapi! Kimya mpaka jioni, halafu inakuja yote kwa pamoja kama mafuriko ya Jangwani.

Dada wa lishe ninayemuona akacheka (hakunicheka mimi, lakini alicheka). "Mdogo wangu, hiyo ya baadaye. We saa hizi kula kwa saa." Milo mitatu na vitafunio katikati, njaa iwepo isiwepo, maana mwili ulionyimwa muda mrefu ishara zake zinakuwa zimevurugika, huwezi kuzitegemea. Akanisimulia wale wanaume 36 waliojitolea kwenye utafiti wa njaa kule Minnesota, Marekani, 1944 mpaka 1945, walipunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita. Wanaume wazima wenye afya zao wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi! Na waliporuhusiwa kula, kuna waliokula na kula na bado hawasikii kushiba.

Nililia pale pale kwenye kiti. Miaka yote hiyo nilijua mimi ni mlafi tu.

Kula kwa saa kulinichosha jamani, unakula ndizi saa nne huku huitaki. Ilichukua miezi ndo tumbo likaanza kunguruma lenyewe kabla ya saa ya kula, nikamtumia dada meseji kama mtu aliyepata mtoto.

Leo kwa mama kulikuwa na chapati na maharage ya nazi. Nimekula mbili, ya tatu nikaiacha.

"Mbona umeacha, hazijaiva?"

"Zimeiva mama, nimeshiba."

Kaniangalia weee, kaifunika na sahani. "Haya, utainywea chai asubuhi."