Namuuguza mume wangu, na mimi mwenyewe ni mtu mzima

Mume wangu ana miaka 74. Alipopatwa na kiharusi, upande wa kulia wote ulilala. Mimi nina 67, presha ninayo, na magoti yangu si ya kutegemewa. Kila aliyekuja kumtazama aliuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Hapana aliyeuliza usiku anageuzwa na nani.

Kule kumgeuza ndiko kulikonimaliza. Mtu asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya kiunoni na visiginoni hubadilika rangi, kisha hufanya kidonda. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinionesha: shuka zito, likunjwe mara mbili, lipite chini yake kutoka mabegani hadi mapajani. Goti lake la upande wa mbali unalikunja, unakamata pindo la shuka, mguu wako mmoja mbele na mmoja nyuma, kisha unajirudisha nyuma kwa uzito wa mwili. Mgongo unausahau. Na msitumie kanga kuukuu, zinachanika.

Usingizi lakini ukabaki vilevile. Watoto, mmoja yuko Dar es Salaam, mmoja Muscat. Wanatuma pesa, Mungu awabariki, na hapa Unguja mzee anapata pensheni jamii, ile iliyoanza 2016 kwa waliofika miaka 70. Mimi bado umri. Pesa zinanunua pampasi na dawa. Saa nane ya usiku, pesa hazimgeuzi mtu.

Nikaacha kusema "nisaidieni", maana jibu lake ni "inshallah" na yameishia hapo. Nikagawa siku. Mpwa wake, dereva wa bodaboda, humwogesha asubuhi kabla ya kwenda kijiweni. Mzee mwenyewe ndiye aliyetaka mwanamume wa ukoo. Mkwe, mzee hataki amuone. Wifi yangu alilalamika kwamba na yeye miguu haimchukui.

"Wifi, sikuiti kunyanyua," nikamwambia. "Njoo Jumanne, umlishe uji akiwa amekaa wima, na usimlaze mpaka ipite nusu saa."

Jumanne ndiyo siku yangu ya kliniki. Mwanangu wa Dar nilimwambia likizo yake aje ashike zamu ya usiku, nauli ajitoe mwenyewe. Akaja, na nililala.

Ijumaa ndiyo bado haina mtu, kwa sababu yule mpwa huwahi msikitini. Nimemlenga shemeji mdogo: kastaafu, na barazani ndiye bingwa wa kutoa ushauri.