Ngazi za Ogaki

Mtoto wa dada yangu kapiga simu jana. Anakuja Japani mwezi wa nane, na wala hakuanza na habari za hoteli.

"Shikamoo, mama mdogo. Ile tiketi yenu ya treni za polepole bado inauzwa?"

"Marahaba, mwanangu. Inauzwa, ila imebadilika."

Nilimweleza kama nilivyoelezwa na wenzangu wa chumba cha walimu. Seishun 18 Kippu ipo tangu 1982 na haina sharti la umri. Hutumika katika vipindi maalumu vya likizo, kiangazi kikiwemo. Unapanda treni za kawaida za JR, makampuni makuu ya reli, nchi nzima, kutwa, unashuka na kupanda upendavyo. Shinkansen, treni ya mwendo kasi, hairuhusiwi, wala treni zile nyingine za haraka zinazodai nauli ya ziada. Enzi zangu ilikuwa karatasi moja yenye nafasi tano za muhuri kwa yeni 11,850, na nafasi hizo mliweza kugawana: watu watano siku moja, au mtu mmoja siku tano alizojichagulia. Tangu Desemba 2024 siku lazima zifuatane, tatu kwa yeni 10,000 au tano kwa yeni 12,050, na mtumiaji ni mmoja tu. Faida yake ni kwamba sasa inapita kwenye mageti ya mashine. Zamani ulipanga foleni dirishani kwa mtumishi. Kwangu mimi hasara ni kubwa kuliko faida. Mwalimu anayeitwa shuleni katikati ya likizo hawezi kila mara kupata siku tano mfululizo.

Baada ya kukata simu sikuweza kurudi kwenye kazi. Nilikuwa nawaza treni ya usiku, Moonlight Nagara, ambayo yeye hataipanda. Ilikimbia mara ya mwisho machipuko ya 2020, na Januari 2021 ikatangazwa kwamba hairudi tena.

Siku za Obon, katikati ya Agosti, Wajapani hurudi makwao kuzuru makaburi ya wazee wao, na shinkansen hujaa. Nilikuwa nakwenda Tokushima, kisiwa cha Shikoku, kwenye ngoma za Awa Odori zinazochezwa tarehe 12 hadi 15. Nagara ilitoka Tokyo saa tano na dakika kumi usiku, ikaishia Ogaki asubuhi. Kiti kililipiwa yeni 500 na ushei juu ya tiketi, na viti viliuzwa mwezi mmoja kabla, kuanzia saa nne kamili asubuhi. Ukichelewa dirishani, basi.

Palikuwa na hesabu moja ambayo kila msafiri wa treni ile aliijua. Muhuri ulihesabu siku kuanzia saa sita usiku. Ukigongewa Tokyo kabla ya hapo, umeila siku nzima kwa safari isiyofika saa moja. Kwa hiyo ulikata tiketi ya kawaida ya kukufikisha Odawara, kituo cha kwanza baada ya saa sita, na muhuri ukaanza kazi kuanzia pale.

Taa za behewa hazikuzimwa usiku kucha, na kipoza hewa kilipuliza baridi kali baada ya joto la nje. Nilikuwa na kanga mbili: moja ya miguu, moja ya kufunika macho. Chupa ya chai ya shayiri niliigandisha tangu mchana. Hadi alfajiri inakuwa imeyeyuka lakini bado ya baridi.

Jirani yangu alikuwa mzee mwenye kitabu kinene cha ratiba mapajani. Alipojua nafundisha, aliniita mwalimu hadi mwisho wa safari. Tulipokuwa tunakaribia Gifu aliniamsha kwa kugonga kitabu chake.

"Mwalimu, ngazi za Ogaki haziko karibu na behewa letu. Chukua begi usogee sasa hivi."

Akanionyesha kwa kidole kwenye ratiba. Treni nyingi za kutoka Nagoya huishia Ogaki, kwa sababu mbele yake ni vilima vya Sekigahara na vituo vidogo vyenye abiria wachache. Asubuhi ile treni ya kuvuka kwenda Maibara ilikuwa na mabehewa machache, manne hivi, nayo ikisubiri jukwaa jingine, ng'ambo ya daraja la juu. Nagara ilikuwa na mabehewa kumi, yamejaa. Dakika za kubadilisha zilikuwa haba.

Watu walikuwa wamekwisha kusimama kwenye ujia, mabegi mgongoni, kamba za viatu zimekazwa. Hakuna aliyezungumza. Nje kulikuwa kumepambazuka, mashamba ya mpunga yakipita karibu kabisa na dirisha, kijani kibichi. Kijana mbele yangu alikunja mpini wa sanduku lake na kulibeba kifuani, maana magurudumu kwenye ngazi humchelewesha aliye nyuma. Mama mmoja alimpakata mtoto aliyelala, na waliomzunguka wakajibana ili awe karibu na mlango. Mlango ukafunguka. Kilichosikika ni viatu tu, mamia ya viatu kwenye ngazi, na pumzi. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Waliokuwa na kasi walishika upande mmoja, wazee na wenye watoto upande wa pili, bila ya mtu kuwapanga. Juu ya daraja niligeuka nyuma. Mzee wangu alikuwa bado jukwaani, ameketi kwenye benchi, anafungua kifurushi chake cha wali uliofungwa kwa mwani. Alinipungia kitabu.

Nilipata kiti. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka: Maibara, kisha treni ya kasi isiyodai ziada hadi Himeji, Okayama, halafu treni ya Marine Liner juu ya daraja la Seto linalovuka bahari kwenda Shikoku, reli chini na magari juu. Takamatsu nilikula bakuli la udon, tambi nene za ngano, nimesimama. Tokushima niliingia alasiri, na usiku nikacheza na kundi linalompokea mtu yeyote, bila malipo, na nguo zako ulizokuja nazo. Chumba nilikuwa nimekitafuta miezi kabla; anayekwenda kutafuta Agosti hapati.

Ngoma zenyewe nazikumbuka kwa mbali. Ngazi zile nazikumbuka hatua kwa hatua, na sijui kwa nini moyo umechagua hivyo. Labda ni ule utaratibu wa watu wasiojuana. Labda ni mzee. Hakuniambia alikuwa anakwenda wapi, nami sikumuuliza. Treni iliyofuata haikuwa mbali, na kwa mtu wa kuishia Osaka, kusubiri kidogo hakuharibu kitu. Mwenye kuvuka hadi Shikoku hesabu yake ilikuwa nyingine: ukiikosa ile ya kwanza, ya kutoka Maibara inakuacha, ya kutoka Okayama inakuacha, na reli ya Takamatsu kwenda Tokushima ina treni chache za kawaida. Huenda naye alikuwa anakwenda mbali kuliko mimi.