Punda wa Blackpool hupumzika Ijumaa

Tangu nirudi Lamu, nikipita Mkunguni wazee lazima waniite barazani. "Haya, tupe habari za London." London nilipita tu. Maisha yangu ya Uingereza yalikuwa Lancashire, na nikipata likizo nilikwenda Blackpool, mji wa pwani wa huko. Nawaambia kuna punda ufukweni kule. Hapo hutega masikio.

Punda wale hawabebi mchanga wala saruji kama wetu. Hubeba watoto, huku na huku, na halmashauri imewawekea sheria: saa nzima ya chakula cha mchana, na Ijumaa hakuna kazi. Ami mmoja alicheka hadi kofia ikamtoka. "Ijumaa? Basi hao wamesilimu!"

Wasichoamini ni kwamba kuna mtu huenda kustarehe kwenye bahari ile. Maji ni baridi hata Julai, rangi ya kahawia, na yakipwa huenda mbali mno. Upepo usiseme. Watu wamejikunyata kwa makoti juu ya viti vya turubai, wanakula samaki na chipsi, shakwe wanawavizia.

Lakini mji ule haukujengwa kwa uzuri wa bahari. Reli ilifika mwaka 1846, na viwanda vya pamba vya Lancashire vikawa vinafungwa wiki nzima wakati wa kiangazi, kila mji na wiki yake, mtaa mzima unapanda treni pamoja. Zikajengwa gati tatu. Mwaka 1894 ukafunguliwa mnara wa mita 158, kwa kuiga ule wa Paris. Chini yake mna ukumbi wa dansi, dari lake michoro na nakshi za dhahabu, kasri hasa, na aliyejengewa ni mfuma nguo. Nimekaa roshani ya ukumbi ule nikinywa chai, wazee wa Kiingereza wakizunguka chini mchana kweupe, kinanda kikivuma. Niliona wivu.

Siku hizi mji umechoka. Ndege za bei nafuu zilihamishia wengi Hispania. Hata hivyo, msimu wa taa za mapambo ukifika, barabara ya ufukweni haipitiki.

Kwetu je? Fundi majahazi wa Matondoni anapumzikia wapi? Juzi nilimpeleka shangazi Shela kwa boti, tukaagiza soda mbili kwenye hoteli moja. Bili ilipokuja akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Mwanangu, na gilasi tunakwenda nazo?"