Anwani ya Nyumba Ndiyo Inayompangia Mtoto Shule Marekani

Familia inayohamia Marekani hutafuta nyumba kwanza: kodi ya mwezi, umbali wa kazini, kama kuna watu wa nyumbani jirani. Suala la shule huachwa baadaye kwa kuwa ni ya umma na haina ada. Lakini ukishatia saini mkataba wa pango, shule nayo umeshaichagua. Kwa kawaida kila anwani imo ndani ya mpaka wa shule fulani, na mpaka huo unaweza kupita katikati ya barabara, hivi kwamba nyumba mbili zinazotazamana zinapeleka watoto shule mbili tofauti kabisa.

Hivyo mtoto anaweza kusoma na watoto wa mtaa wake tu, tangu chekechea hadi darasa la 12. Na mitaa hiyo haikujipanga kwa bahati. Miaka ya 1930 shirika la serikali kuu lilichora ramani za mikopo ya nyumba na kuitia mitaa ya Weusi rangi nyekundu, alama ya kwamba kukopesha huko ni hatari. Sheria ya taifa dhidi ya ubaguzi katika makazi ilikuja 1968. Mahakama ya Juu ilikuwa imeharamisha utengano wa rangi katika shule za umma mwaka 1954, lakini katika kesi ya Detroit ya 1974 ikaamua, majaji 5 kwa 4, kwamba wilaya za shule (maeneo yanayoendesha shule zake yenyewe) za vitongojini ambazo hazikuthibitika kubagua haziwezi kulazimishwa kuchanganya wanafunzi na zile za mjini. Uamuzi huo uliugeuza mpaka wa wilaya kuwa ukuta. Tena karibu nusu ya fedha za shule hutoka serikali za mitaa, hasa kwenye kodi ya majengo na ardhi.

Wazazi wengi hudhani mtaa maskini ndio pekee unaomfungia mtoto. Kitongoji cha matajiri humfungia vilevile, na kwa maoni yangu huko ndiko madhara yanakopuuzwa zaidi. Mtoto anayezungukwa na wenzake waliopewa gari wakiwa na miaka 16 huanza kuiona kazi ya zamu ya usiku ya mama yake kuwa aibu, kwa sababu hajawahi kukaa darasani na mtoto mwingine wa namna yake.

Shule iliyojaa watoto wa wahamiaji humpa mtoto marafiki na utulivu wa moyo, ila chunguza masomo yake. Hesabu huenda kwa ngazi: Algebra 1, jiometri, Algebra 2, pre-calculus, kisha calculus, ambayo ndiyo ngazi ya juu. Anayesoma Algebra 1 darasa la 8 hufika calculus darasa la 12. Anayeianza darasa la 9 huishia ngazi moja chini, isipokuwa asome wakati wa kiangazi au achukue masomo mawili kwa mwaka mmoja. Kama shule haina calculus kabisa, mtoto hatajua hata kwamba wenzake wa wilaya jirani wanaisoma, wala hatajua cha kuomba.

Njia za kutoka zipo, na hutofautiana kwa jimbo. Minnesota, wanakoishi Waafrika Mashariki wengi, ina sheria ya mwaka 1988 inayomruhusu mtoto kuomba nafasi katika wilaya nyingine. Fomu hupelekwa kwenye wilaya unayoitaka kufikia Januari 15 kwa ajili ya mwaka wa shule unaofuata. Wanaweza kukukatalia kwa kukosa nafasi, lakini si kwa sababu ya alama za mtoto, ulemavu au Kiingereza chake. Kinachowashinda wengi ni usafiri: basi la wilaya mpya humchukua mtoto ndani ya mipaka yake tu, na kumfikisha mpakani ni kazi yako. Familia zenye kipato kidogo zinaweza kuomba kurudishiwa gharama hiyo. Jimbo hilohilo huwaruhusu wanafunzi wa darasa la 11 na 12 waliokubaliwa na chuo kusoma masomo ya chuo bila kulipa ada wala vitabu.

Usitumie anwani ya ndugu. Wilaya huchunguza, hudai ada kwa muda wote mtoto aliosoma bila kuwa mkazi, na mwaka 2011 mama mmoja wa Ohio alifungwa jela kwa kutumia anwani ya baba yake. Kuhusu hati za uhamiaji usiogope: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1982, shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto elimu kwa kukosa hati hizo. Andaa uthibitisho wa anwani, wa umri, na kadi ya chanjo.

Hata shule yenye watoto wa kila aina inaweza kuwatenga ndani kwa ndani, wengine madarasa ya juu, wengine ya kawaida. Fomu ya kuchagua masomo hutolewa katikati ya mwaka wa shule, mtoto huijaza peke yake na mzazi hutia saini tu. Iombe mapema pamoja na orodha ya masomo yote ya shule, na kama mtoto hakuwekwa ngazi ya juu, mwombe mshauri wa masomo aeleze sababu kwa maandishi.