Siku moja maishani mwangu: nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza

Saa 10:40 alfajiri

Mvua ya masika imenyesha usiku kucha, na bado matone yanagonga bati. Mama ameshaamka, nasikia akipepea jiko la mkaa uani. Nakunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha huku nimefungua andalio la somo nililoliandika jana. Somo la leo ni "have" na "has" pamoja na kitenzi, yaani ile hali ambayo Kiswahili chetu kinaieleza kwa "-me-". Nimeliandalia dakika 80, vipindi viwili mfululizo, na nina hakika nalo. Nimelifundisha mara nyingi.

Saa 12:15 asubuhi

Bodaboda inapita taratibu kwenye matope. Huku kwetu Muheza, mkoani Tanga nchini Tanzania, michungwa imejipanga pande zote mbili za barabara, na mwezi huu wa Mei machungwa yameanza kugeuka rangi. Wanafunzi wanatembea kwa makundi, viatu mkononi ili visiloe. "Shikamoo madam!" "Marahaba, wanangu. Wahini."

Saa 1:20 asubuhi

Mstarini. Kiranja anakagua sare, tunaimba wimbo wa taifa, kisha matangazo yanasomwa kwa Kiingereza. Kidato cha nne wanaitikia, kidato cha kwanza wananitazama mimi. Likisha tangazo la mwisho, mwalimu wa zamu anarudia yote kwa Kiswahili, maana lile la kuja na majembe kesho lisipoeleweka, kesho hakuna jembe.

Ukutani kumeandikwa kwa herufi kubwa "SPEAK ENGLISH". Sina ugomvi na maneno hayo. Nina ugomvi na kile kilichokuwa kinayafuata nilipokuwa mwanafunzi. Nikiwa kidato cha pili, katika shule ambayo sitaitaja, nilivishwa kibao shingoni kwa sababu nilimwambia mwenzangu kwa Kiswahili kwamba kichwa kinaniuma. Nilikivaa hadi jioni. Baada ya hapo sikuvunja tena sheria, kwa kuwa nilinyamaza. Nilinyamaza karibu muhula mzima, darasani na nje ya darasa, na kunyamaza hakujanifundisha neno hata moja la Kiingereza. Ndiyo sababu darasani kwangu mtoto anaruhusiwa kuuliza kwa lugha yoyote aliyonayo mdomoni. Jibu tutalitafuta pamoja kwa Kiingereza.

Saa 2:00 asubuhi

Kidato cha kwanza, wanafunzi 68, dawati la wawili linakaliwa na watatu. Kwa asiyefahamu: shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Hawa wangu, kwa mtaala ulioanza 2015, walikutana na Kiingereza kama somo darasa la tatu. Wakaendelea hivyo hadi la saba, kisha Januari wakaingia sekondari, ambako biolojia na jiografia vyote ni Kiingereza. Katikati hapo waliwekewa wiki chache za kozi ya mwanzo, ile tunayoiita besilaini. Mtoto anavushwa mto kwa wiki chache, halafu akizama tunamwita mzito.

Mimi naanza na wanachokijua. Wiki iliyopita tuliandika ubaoni "Baba hulima" na "Baba analima". Hakuna aliyehitaji kuelezwa tofauti, kila mmoja alijua kwamba wa kwanza ni mkulima na wa pili yuko shambani sasa hivi. Ndipo nikaandika "Father farms" na "Father is farming". Tangu siku hiyo zile "I am going to school every day" zimepungua sana, kwa sababu mtoto akitaka kuandika anajiuliza kwanza: hapa nasema "hu-" au "-na-"?

Hata ile "s" ya "she reads" hatukuikariri. Niliwaambia: nyinyi husema kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka, chungwa limeanguka, machungwa yameanguka. Mnapatanisha kitenzi na nomino siku nzima bila kukosea, kwa ngeli zote hizo. Kiingereza nacho zamani kilikuwa na viambishi kwa nafsi mbalimbali, vikapukutika kimoja kimoja hadi ikabaki hiyo "s" ya nafsi ya tatu umoja. Ninyi mnaobeba mzigo mzima mtashindwaje na kijiti kimoja?

Basi leo naandika:

Baba amefika. Father has arrived.
Mtoto amevunja kikombe. The child has broken the cup.

Wanaiona haraka. Nawaambia, palipo na "-me-" weka "have" au "has", kisha kila mmoja aandike sentensi tatu za nyumbani kwao. Napita kati ya madawati, mkono mmoja umeshika kalamu nyekundu. Naweka vema, vema, vema. Kwa binti mmoja wa dawati la dirishani nasoma: "My mother has slept."

Kalamu inasimama. Kwa kanuni niliyotoa dakika kumi tu zilizopita, sentensi hii ni sahihi. Nainama.

"Mwanangu, ulitaka kusema nini hapa?"

"Mama amelala, madam."

"Sasa hivi?"

"Ndiyo, madam. Jana walipakia machungwa kwenye lori mpaka usiku. Nimemwacha amelala."

Sasa hapo. Mwingereza akisoma "My mother has slept" anaelewa kwamba usingizi umekwisha, pengine mama ameshapiga mswaki. Binti huyu anazungumzia mama ambaye bado yuko kitandani. Alichotaka ni "My mother is asleep". Kosa ni langu mimi niliyewapa kanuni nyembamba kuliko lugha yenyewe. Na nikikumbuka madaftari ya miaka iliyopita nauona msururu mzima: "He has worn a red shirt" kwa mtu aliyevaa shati jekundu, "I have tired" kwa aliyechoka, "She has stood at the door" kwa aliyesimama mlangoni. Nilizikata kwa wino mwekundu moja moja, kila moja kama kosa la peke yake, nisione kwamba zote zimetoka tumbo moja.

Nafuta nusu ya ubao. Nachora safu mbili. Ya kwanza naiita "jambo limekwisha", ya pili "hali bado ipo". Nawaambia watupie maneno ya "-me-", yoyote. Amekula, amelala, amefika, amekaa, amevunja, amesimama, amevaa, amechoka. Tunagombana kila neno liende wapi, na darasa lote limeamka, hata wale wa nyuma ambao tangu Januari sijasikia sauti zao. Kijana mmoja ananyosha kidole.

"Madam, mimi ninajua pa kupimia. Ukiweka 'bado' mbele. 'Bado amelala' inasemeka. 'Bado amevunja kikombe' haisemeki."

Nasimama na chaki mkononi. Bado amekaa, inasemeka. Bado amevaa, inasemeka. Bado amechoka, inasemeka. Bado amefika, hapana. Kipimo kinafanya kazi, na kimetoka kichwani mwa mtoto wa miaka 14 ambaye kwenye jaribio la mwisho alipata 11 kwa 100. Naandika mbele ya safu ya pili: is asleep, is sitting, is wearing, is tired. Naandika juu yake neno "BADO" na kulipigia mstari.

Kisha binti wa dirishani, yuleyule: "Na chungwa limeiva? 'Bado limeiva' haisemeki, lakini limeiva na lipo."

Ni kweli. Nalipeleka katikati ya safu mbili na kuandika yote mawili, "The orange is ripe" na "The orange has ripened", kwa kuwa Kiingereza kinayakubali yote. La kwanza unalisema ukilionyesha chungwa lilivyo, la pili ukizungumzia safari yake ya kuiva. Kengele inalia, ile rimu ya gari inayogongwa kwa nondo. Kazi ya nyumbani: sikilizeni leo jioni, mniletee "-me-" kumi kutoka vinywani mwa watu wa nyumbani, kila moja katika safu yake.

Saa 4:40 asubuhi

Uji na andazi ofisini. Nawasimulia wenzangu habari ya "bado". Mwalimu wa fizikia, ambaye namheshimu sana, anatikisa kichwa. "Unawadekeza, mwalimu. Mtihani wa taifa hauna Kiswahili. Watafsiri mpaka lini?" Hoja yake ina uzito. Mtoto anayetafsiri kila neno anachelewa, na saa ya mtihani haimsubiri.

Lakini namjibu kwa mfano wa hapahapa. Misheni ya Magila, ndani ya wilaya yetu, ilianzishwa na wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana la Uingereza. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wao, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha kuwafundisha Waingereza sarufi ya Kiswahili, na aliwaeleza ngeli zetu kwa Kiingereza, lugha waliyoijua. Hakuna aliyesema amewadekeza. Mgeni mzima aliyesoma alielezwa kwa lugha yake, iweje mtoto wa kijijini aelezwe kwa lugha asiyoijua? Mwalimu wa fizikia anamalizia uji wake kimya, kisha ananiuliza kama nitamsaidia kutengeneza orodha ya maneno ya fizikia kwa lugha mbili. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Saa 5:20 asubuhi

Kidato cha pili. Mwishoni mwa mwaka wana upimaji wa Baraza la Mitihani, na ugonjwa wao ni "I did not went". Naandika "nilikwenda" na "sikwenda", naomba wanionyeshe "-li-" iko wapi kwenye neno la pili. Haipo. Hatusemi "sikulikwenda". Ukikanusha, alama ya wakati uliopita inabaki sehemu moja tu, na Kiingereza kimefanya vilevile: "did" imeshaubeba wakati, kitenzi kinarudi uchi, "did not go". Somo limechukua robo saa. Muda uliobaki wamefanya mazoezi ya kuzungumza wawili wawili, kelele tupu, na nimeziacha ziendelee.

Saa 7:00 mchana

Makande. Yana chumvi ya kutosha leo.

Saa 8:15 mchana

Nasahihisha insha za "My Family" chini ya mwembe, ofisini kuna joto. "My mother he is a farmer." Hili halinikasirishi tena. Kwetu "yeye" ni yeye, na "a-" ya "analima" haiulizi kama ni mwanamke au mwanamume. Na hiyo "he" aliyoiweka baada ya "mother" ni "a-" yenyewe, ameihamisha mzima mzima kutoka "mama analima". Pembeni naandika: "Chagua mmoja, mother au she."

Daftari lingine: "Our school starts at one o'clock." Saa moja, bila shaka. Anayeihesabu siku kuanzia macheo ataona ajabu kwamba kuna watu wanaanza kuihesabu usiku wa manane. Nachora saa mbili, moja ya kwetu na moja ya kwao, tofauti ni saa sita. Halafu "Borrow me a pen", maana "niazime" kwetu inatosha, wao wana "borrow" ya anayepokea na "lend" ya anayetoa. "I have fourteen years." Nina miaka 14, ndiyo, lakini kwa Kiingereza miaka huna, wewe ndiye umri wako.

Nimepunguza wino mwekundu mwaka huu. Kwa kila daftari nachagua kosa moja linalojirudia na kulieleza kwa mistari miwili, mengine nayapigia mstari wa penseli tu. Inachukua muda mrefu zaidi, madaftari 23 kwa saa mbili. Yaliyobaki nayafunga kwa kamba nibebe nyumbani.

Saa 10:45 jioni

Mvua imerudi. Tumejibanza kwenye kibanda cha bodaboda, dereva ananiuliza "nakuja" kwa Kiingereza ni nini, kuna wageni aliwaambia "I am coming" akaondoka kwenda kuchukua chenji, wakamshangaa. Namwambia aseme "I'll be back". Anairudia mpaka mvua inapokatika.

Saa 2:30 usiku

Umeme umekatika. Nimewasha tochi ya simu na kufungua ukurasa mtupu, nafanya kazi ya nyumbani niliyowapa wanangu. Nasikiliza. Jirani anamwambia mtoto, "Maji yamechemka." Bado yamechemka? Hapana, safu ya kwanza. Mtoto wa kaka yangu amelala kwenye mkeka, safu ya pili. Umeme umekatika: napima "bado umekatika", inasemeka, "The power is out", safu ya pili. Dada ameolewa: "is married", lakini ukitaja arusi yenyewe ni nyingine. Nalipeleka katikati, kando ya chungwa. Safu ya katikati ina maneno manne tayari, kesho itabidi niipe jina.

Mama anachungulia mlangoni.

"Umeshamaliza? Chakula kinapoa."

"-mesha-" sikuiweka kwenye andalio. Ni "already", na jibu lake lina "-ja-", ambayo ni "not yet". Naiandika pembeni haraka.

"Bado, mama. Sijamaliza."