Nilivyojifungia mitandao kwenye kompyuta ili nisome, na nilivyohangaika mpaka nikapata programu inayonifaa

Mimi ni mtu wa mahesabu, niko Tabora mjini huku Isevya, natunza vitabu vya AMCOS mbili za tumbaku, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na usiku nasoma CPA, ile mitihani ya uhasibu. Mitihani ya bodi iko mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, sasa Mei huku kwetu masoko ya tumbaku yamepamba moto, hakuna mtu wa mahesabu anayelala, kwa hiyo mtu kama mimi nategemea Novemba tu. Na ile Novemba ya kwanza niliingia kwenye chumba cha mtihani nikiwa najua bei ya Toyota IST kuliko ninavyojua kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu. Sitanii.

Ilikuwa hivi. Saa mbili usiku mtoto kalala, nafungua kompyuta, najisemea ngoja niangalie magoli ya Yanga dakika tano tu halafu nianze. Youtube ikimaliza moja inaleta jingine, mara uchambuzi, mara msemaji wa watani wetu anaongea, nikichoka hapo nahamia kwenye magari ya Japani. Naingia Be Forward, saiti ya kuuzia magari ya mtumba, nachagua IST, naangalia kilomita, naangalia viti vimechanika au la, nachukua mwaka na ukubwa wa injini naenda kwenye kile kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, cha magari yaliyotumika napiga ushuru, nikiona umekuwa mkubwa narudi natafuta ya mwaka mwingine, napiga tena. Na hapo mfukoni nina elfu kumi na nne, na ya mkaa iko humo humo. Nikija kushtuka ni saa sita, bando limekata, kitabu kiko ukurasa ule ule.

Nilifeli masomo mawili. Mke wangu hakusema kitu, alinitengea chakula tu, na ilinichoma kuliko angenigombeza.

Basi nikaanza kutafuta namna ya kufunga hizo saiti. Kuna dogo mmoja wa steshenari pale karibu na stendi akaniambia kaka hata usidaunlodi kitu, Windows yenyewe ina faili linaitwa hosts, liko ndani ya System32, folda ya drivers, halafu etc. Unalifungua kwa Notepad, unaandika 127.0.0.1 halafu jina la saiti, basi kompyuta ukiiambia ikupeleke Youtube inajitafuta yenyewe humo humo ndani, haipati kitu. Bure, haili bando. Nikafanya, haikufunga kitu. Siku mbili nahangaika, kumbe makosa yalikuwa mawili, kwanza lazima Notepad uifungue kwa kubofya kitufe cha kulia na kuchagua ile ya Administrator, bila hivyo haikuruhusu kusevu pale, pili nilipolazimisha kulisevu kwingine na kulirudisha lilijiongezea .txt mwishoni, kwa hiyo nikawa na hosts.txt imekaa pembeni kama mgeni asiyejulikana na ile hosts yenyewe haijaguswa. Na kuna la tatu, ukiandika youtube.com peke yake, www.youtube.com inabaki wazi, inabidi uandike zote mbili, kila moja na mstari wake.

Ilipokubali nilifurahi siku nne. Siku ya tano kulikuwa na mechi, nikafungua lile faili, nikaweka alama ya reli (#) mbele ya mstari ili kompyuta isiusome, nikaangalia magoli, nikasahau kuitoa wiki nzima. Ni kuficha sukari halafu aliyeificha ndiye mlaji. Kwa mtu anayejua njia, ile haimzuii hata nusu dakika.

Nikahamia kwenye hizi ekstensheni, viprogramu vidogo unavyovipachika ndani ya brauza. Ya kwanza ni StayFocusd ya Chrome, hii inakupa dakika zako za siku, ukizimaliza saiti ulizoorodhesha zinafungwa mpaka kesho yake. Nzuri, nyepesi, bure. Tatizo lilikuwa mkono wangu. Siku ya kwanza dakika zimeisha, mkono wenyewe bila kuutuma ukaenda kule chini kwenye Edge, brauza nyingine inayokuja na Windows, ambayo sijawahi kuifungua tangu ninunue hii kompyuta, nikaingia Youtube kama kawaida. Hapo ndio nikajua ekstensheni inalinda brauza ilimowekwa tu, na hata humo ukifungua dirisha la siri (incognito) haipo mpaka uende kwenye setingi uiruhusu mwenyewe.

Binamu yangu yuko Dar anatumia Mac, akanisifia SelfControl, anasema ukishaiwasha hata ukiizima kompyuta, hata ukiifuta programu yenyewe, saiti hazifunguki mpaka muda uishe. Nikatamani kweli. Ni ya Mac tu. Nikaangalia na Freedom, hiyo inafunga kompyuta na simu kwa pamoja, ila ni ya kulipia usajili kwa kadi na mimi kila mwezi tayari nina LUKU ya umeme, ada, bando, na mchango wa harusi ya mtu, nikaipita.

Iliyonikalisha chini ni LeechBlock. Hii nayo ni ekstensheni, ya bure, ipo ya Firefox, Chrome na Edge, lakini uchaguzi wake ni mpana, unatengeneza mafungu ya saiti, kila fungu na masaa yake na siku zake na dakika zake. Fungu la magari peke yake, fungu la mpira peke yake. Na setingi zake unaweza kuzifunga kwa paswedi, nikasema hapa ndipo penye dawa, paswedi nisiijue mimi.

Aishike nani? Mke wangu nikimbembeleza atanipa, namjua. Nikamfuata mama mwenye nyumba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, wote hapa tunamwita Mwalimu. Nikamweleza, akacheka mpaka akakaa. Akaja na miwani yake, akaniambia, "Baba Neema, geukia ukutani," nikageuka, nikasikia anabonya herufi moja moja kwa kidole kimoja, anahema, anabonya. Alipomaliza akaandika kwenye kipande cha karatasi ya daftari, akakikunja, akakifunga kwenye pindo la kanga. Akasema mpaka Novemba.

Usiku ule saa moja nikakaa, nikajaribu Youtube nione itakavyokataa. Ikafunguka. Facebook ikafunguka. Magari ndio kabisa, picha zote zimejaa. Nikaangalia weee, nikawaza labda nimeinstoli vibaya, kumbe kwenye masaa nilikuwa nimeandika 0100-0600. Saa moja hadi saa sita, si ndio? Sasa ekstensheni haijui saa za Kiswahili, kwake hiyo ni saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Yaani nimefungiwa wakati nimelala na nimefunguliwa wakati wa kusoma, na setingi zimefungwa kwa paswedi. Nikarudi kwa Mwalimu na kichwa chini. "Kwa hiyo darasa la pili hukufika, ulipofundishwa saa?" Akafungua pindo, akaniambia geuka. Nikaandika 1900-2400, na ya baada ya usiku wa manane ukiitaka unaweka koma unaandika 0000-0500, maana siku mpya inaanza upya.

Ilifanya kazi wiki tatu na nilisoma, sijawahi kusoma vile. Shida ikaja Jumamosi moja nataka vidio za mhadhara wa kodi, ziko Youtube, na mimi Youtube nimeifunga yote. Nakwenda kwa Mwalimu, mlango una kufuli, amekwenda Nzega msibani. Nikampigia.

"Mwalimu shikamoo, pole na msiba. Ile karatasi."

"Marahaba. Karatasi ipi?"

"Ya kwenye kanga."

Kimya. Halafu, "Kanga ipi baba? Ile niliyokuwa nayo Alhamisi? Si iko uani kwenye beseni, niliiloweka."

Nikaenda uani. Beseni lipo, kanga ipo, povu limeshakauka pembeni, nikafungua lile pindo taratibu kama mtu anayetoa mwiba, karatasi ikatoka ni uji. Wino wa bluu umeenea kanga nzima upande ule, na hiyo kanga ikawa deni langu pia.

Siku ile niliifuta ekstensheni nzima, maana hilo nalo inafaa ulijue, ukitaka kweli unaenda kwenye orodha ya ekstensheni unaitoa, paswedi haikuzuii. Nikaiweka upya, nikapanga kila kitu mwanzo, lakini sasa badala ya paswedi nikachagua ile ya msimbo. Kila ukitaka kuingia kwenye setingi inakuletea mlolongo wa herufi na namba uuandike wote, unachagua herufi 32, 64 au 128. Niliweka 64. Niseme ukweli, hii ndio iliyonifaa. Haikatai kabisa, ila inakuchosha, ukifika herufi ya ishirini umechanganya o na sifuri unaanza upya na hamu ya IST imeshaisha. Na siku una sababu ya kweli unaandika tu, hakuna kusumbua mtu Nzega.

Kwa Youtube sikuifunga tena yote. Niliweka ekstensheni nyingine inaitwa Unhook, inaondoa zile vidio za pembeni na ukurasa wa mbele wote unakuwa mweupe, unatafuta mhadhara wako, unauangalia, ukiisha umeisha, hakuna msemaji wa timu anayekuita.

Edge bado ilikuwa wazi, ndio nikaleta Cold Turkey. Hii siyo ekstensheni tu, ni programu unainstoli kwenye Windows yenyewe, toleo la bure linafunga saiti kwa muda unaoutaja, la kulipia unalipa mara moja tu na linaongeza kufunga programu nyingine na ratiba. Hii haina huruma. Brauza ambayo hujaiwekea ekstensheni yake inaifunga yenyewe mbele ya macho yako, na muda ukishaanza huwezi hata kuifuta. Wiki ya kwanza nikajitia ushujaa, nikafunga intaneti yote siku nzima mpaka saa mbili usiku. Saa kumi jioni mwenyekiti wa AMCOS ananipigia, anataka orodha ya wakulima na kilo zao, wanakaa kikao sasa hivi. Orodha iko kwenye kompyuta, imeili haifunguki, WhatsApp ya kwenye kompyuta haifunguki, na mwenyekiti siwezi kumwambia mzee subiri nimejifungia. Nikachukua waya wa kuchajia, nikahamishia faili kwenye simu, nikatuma kwa simu. Ilichukua dakika sita na jasho la shati zima. Tangu hapo Cold Turkey naiweka jioni tu, masaa matatu, na orodha yake ina saiti tisa ninazozijua kwamba ndizo zinazonila, nimeacha kujifungia dunia nzima. Imeili haimo, WhatsApp haimo, mifumo ya ushirika haimo.

Simu? Simu namkabidhi mke wangu saa mbili, analala nayo chini ya mto. Hakuna programu hapo.

Kama unaanza leo na una Windows na huna hela, mimi ningekwambia anza na LeechBlock na msimbo wa herufi 64, kaa nayo wiki mbili ujue unatorokea wapi, maana kila mtu ana tundu lake, langu lilikuwa Edge, lako linaweza kuwa simu au kompyuta ya ofisini. Cold Turkey ilete baadaye ukishajua tundu liko wapi. Na andika masaa kwa mtindo wa ishirini na nne tafadhali.

Novemba iliyofuata kati ya yale mawili nilipita moja, la kodi. Lile la kuunganisha hesabu nimelikosa kwa kidogo, narudia. Kanga nimemlipa Mwalimu, doti mpya, alichagua mwenyewe pale sokoni, na ile yenye wino anafungia mlango wa kuku.