Mdiria na samaki aliyeshikwa mkia

Leo nataka kuongelea ndege mmoja tu, mdiria, yule wa madoa meusi na meupe anayekaa karibu na maji, maana wiki tatu hizi nimekuwa na yeye tu na amenifundisha kupiga picha kuliko video zote nilizowahi kuangalia.

Mwanzoni nilikuwa namkimbiza. Namuona kwenye tawi, nasogea, anaruka, namfuata, anaruka tena, narudi na picha kibao za mkia. Lenzi yangu inaishia 300mm na kwa ndege mdogo hiyo ni fupi, haimvuti karibu vya kutosha, nikawa nailaumu. Siku niliyoamua kukaa chini nitulie ndo nikaanza kuona vitu. Mdiria ana matawi yake mawili matatu, anapiga mbizi halafu anarudi palepale, kwa hiyo ukishalijua tawi unaweka fokasi mapema unasubiri. Na angalia upepo! Ndege huruka na kutua akiukabili upepo, wewe upe mgongo, atakuja uso kwa uso na kamera.

Setingi sitaki kuzungumza sana. Akiwa ametulia shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde inatosha, akielea hewani juu ya maji usishuke chini ya 1/2000, acha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hata 3200, picha yenye chenga inasafishika ila iliyotikisika ndo basi tena. Pia akiwa mbele ya maji yenye giza kamera inaangaza mno na manyoya meupe yanaungua, yaani yanabaki weupe mtupu, mimi huwa napunguza mwanga kidogo.

Sasa Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, nimelala kifudifudi, lenzi iko usawa wa maji, akatua na samaki. Akampigiza kwenye tawi kushoto kulia mpaka akatulia. Kwa kawaida hapo anamgeuza na kummeza akianza na kichwa, mapezi yasimkwame kooni. Safari hii hakummeza. Alimshika upande wa mkia, kichwa kimetazama nje, akabaki vilevile ananiangalia, na mimi nabonyeza tu kwa furaha, mpaka ikanijia kwamba kichwa kikitazama nje samaki huyo si wake, anampelekea mwenzake au makinda. Na hawa wanachimba mashimo ya viota kwenye kingo za maji, na mimi nilikuwa nimelala mita chache tu toka kwenye ukingo. Alikuwa anashindwa kuingia kwa sababu yangu.

Mwanga ulikuwa mzuri ajabu, sitaficha, iliniuma kuuacha. Nikajiburuta nyuma taratibu mpaka kwenye matete ya mbali. Baada ya kama dakika tano akaingia kwenye shimo ambalo sikuwa nimeliona kabisa, akatoka mdomo mtupu.

Ndo maana nikiona mtu kaposti kiota kwa karibu kabisa, matawi yamekatwa ili makinda waonekane vizuri, naumia sana, tawi lile ndo lilikuwa linawakinga na jua na kuwaficha kunguru asiwaone.

Picha ya samaki aliyeshikwa mkia ninayo, ni moja tu iliyotoka sawasawa, jicho limekaa kwenye fokasi. Mahali nilipoipiga sisemi mpaka makinda watoke.